Babu Geti na Chupa ya POP

Wanaosoma kemia ya viwanda mtanielewa haraka, wengine vumilieni kidogo maana bila kuelewa kazi yenyewe hamtacheka. Mimi fildi nilipangiwa Kigoma, mwisho wa reli, kwenye kiwanda kidogo cha sabuni za miche ambacho jina silitaji kwa sababu bado nawategemea kwenye sivii yangu. Na kazi yangu pale ilikuwa kudondosha matone. Ndio hivyo. Shule yote ile, mkopo wa bodi, mama kauza mbuzi, halafu nimekaa kwenye stuli nadondosha matone.

Iko hivi. Akina mama wanaleta mawese kwenye madumu ya lita 20, wengine kutoka Mwandiga, wengine wanatokea Ilagala huko. Unachota kidogo, unapima kwenye mzani, unayatia kwenye spiriti iliyopashwa moto, unaongeza matone mawili matatu ya POP halafu unafungulia byureti, ule mrija wa kioo wenye koki na namba ubavuni, ndani yake kuna kostiki dhaifu (kostiki ni ile soda kali ya kutengenezea sabuni), inadondoka tone moja moja huku unatikisa chupa, unatikisa, unatikisa, mpaka igeuke pinki na hiyo pinki ikae nusu dakika haijapotea. Na mawese yetu yalivyo mekundu, kuitafuta pinki ndani ya wekundu ule ni mtihani, macho yanauma mpaka jioni ukitazama mtu unamwona wa rangi ya waridi. Ukishaipata unasoma namba, unapiga hesabu, unajua yana asidi huru kiasi gani, yaani kwa lugha ya sokoni yamechacha kiasi gani.

POP ni kifupi tu. Jina lake kamili ni finoftalini, ila toka fomu foo hakuna mtu aliyewahi kulitamka lote akafika salama kwa hiyo wote tunaita POP. Kwenye asidi haina rangi, kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, kama kostiki, inakuwa pinki. Hilo likumbukeni, lina kazi huko mbele.

Sasa kwa nini mawese yanachacha? Mashada ya michikichi yakishakatwa watu wanayalundika siku kadhaa ili chikichi ziachie zenyewe, maana kuzinyofoa zikiwa mbichi ni adhabu. Zikikaa hivyo kuna kimeng'enya ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta, asidi inapanda. Mawese ya kiwango yanatakiwa yawe chini ya asilimia 5, na kuna madumu nilipima nikarudia nikadhani byureti imeharibika. Kwa sabuni bado yanafaa, hata asidi yenyewe inageuka sabuni, ila lazima ujue ili upange kostiki na ili upange bei. Hapo kwenye bei ndipo nilipopata maadui. Kuna mama mmoja tulimwita Mama Madumu, alikaa anashuhudia nadondosha, mafuta yake yakageuka pinki mapema nikamwambia mama haya mazuri, akafurahi, akaleta mengine yakala kostiki karibu byureti nzima nikamwambia haya bei inashuka. Akanitazama chini mpaka juu. "We mtoto unatia dawa yako, unayabadilisha rangi mafuta yangu, halafu unanikata hela?" Nikamwelezea kimeng'enya. Akasema hicho kimeng'enya kakileta nani, mbona kabla hujaja hakikuwepo.

Wenzangu kiwandani walikuwa wananiita Fildi. Fildi njoo ubebe dumu, Fildi kafagie, Fildi kachukue chai. Kuna jamaa yangu akanitumia habari kwenye WhatsApp, eti Uingereza tangu 2015 wana digrii za uanagenzi, mtu anaajiriwa kwanza, analipwa mshahara, ada halipi yeye, siku nyingine yupo kazini siku nyingine yupo chuo na mwisho anatoka na digrii na deni hana, na wa maabara za kemia wamo. Meseji hiyo niliisoma nimekaa juu ya dumu, nasubiri muhogo wa kukaanga niliotumwa na fundi. Sikumjibu.

Fundi mwenyewe alikuwa hanitaki na hesabu zangu. Mimi namwambia fundi, mawese yanakula kama gramu 142 za kostiki kwa kilo, mise, yale mafuta ya kokwa za chikichi, inakula zaidi, kama 175, kwa hiyo ukibadilisha mchanganyiko ubadilishe na kostiki. Yeye anachovya kijiti kwenye pipa, anapoza, anagusisha kwenye ncha ya ulimi. Ikimpiga shoti kostiki imezidi, isipompiga iko poa. Kwamba huo nao ni upimaji ni kweli, watengeneza sabuni wa zamani dunia nzima walikuwa wanalamba, ila kuuona kwa macho yako ni habari nyingine. Nawatajia ulimi wa fundi makusudi, mtaona.

Haya, tuje kwa mhusika mkuu. Mlinzi wetu wa usiku tulimwita Babu Geti. Mzee wa Ujiji, koti kubwa la mtumba, rungu, redio iliyofungwa raba bendi betri zisidondoke. Shikamoo yake lazima umpe umesimama, ukimpa huku unatembea haipokei, utairudia tu. Mimi alinipenda, alikuwa ananiita mjukuu na ananihadithia mambo ya relini, meli ya Liemba na Wajerumani walivyoizamisha wenyewe wakati wa vita ya kwanza halafu Waingereza wakaja wakaiibua, anasimulia mpaka unahisi siku hiyo alikuwepo kashika kamba. Kasoro yake ilikuwa moja, na yeye haiiti kasoro, anaiita dawa ya baridi. Jamani Kigoma baridi ipi? Joto la ziwani usiku unatupa shuka, lakini Babu alikuwa na baridi mwaka mzima. Toka serikali ipige marufuku viroba 2017 mzee alikuwa kwenye msiba, kila akipata nafasi anavikumbuka, vilikuwa vinaingia mfukoni vizuri, havivunjiki, havina kelele.

Sasa POP yetu ikatumwa toka Dar kwa basi, na njia ni ndefu na imejaa matuta, ikafika kifuniko kimepasuka, karatasi yote iliyofungiwa imelowa. Bosi ni mtu asiyependa hasara. Akatafuta chombo cha haraka na chombo cha haraka kilichopatikana ni kichupa cha kioo cha pombe kali, kile bapa cha mfuko wa nyuma, kimeokotwa uwanjani na kuoshwa. Akamiminia humo. Nikamwambia bosi hiki chombo kitaleta shida, akasema shida ipi, we andika jina. Nikabandika tepu ya karatasi nikaandika kwa makapeni herufi kubwa tatu, P, O, P. Nakumbuka mpaka mwandiko, nilijitahidi.

Tatizo la kemia ni kwamba haipumziki. POP inayeyushwa kwenye ethanoli, na ethanoli inafuta wino wa makapeni bila huruma. Kila ukimimina, tone linateremka ubavuni, linapita juu ya tepu. Baada ya muda P ya mwisho ikaondoka. Ikabaki PO.

Kwa hiyo jipigieni picha wenyewe. Kabati la maabara halina kufuli, ndani yake kuna kichupa bapa cha pombe kali, maji meupe safi, ukifungua kinanuka pombe kwa sababu kimejaa pombe kweli, na kimeandikwa PO. Mlinzi ana funguo zote za jengo na ana baridi.

Asubuhi hiyo nafika, getini hakuna mtu. Redio inaongea peke yake. Nikajua Babu kaenda kuswaki. Naingia maabara, nashika kichupa, nasikia chepesi. Nikamwita bosi, bosi akasema umemwaga, nikasema sijamwaga, akasema basi imekauka, nikasema bosi ethanoli inakauka ndio ila sio nusu chupa usiku mmoja na kifuniko kimefungwa, akaanza kuniuliza nimeandika wapi matumizi, tukawa tunabishana pale, na wakati tunabishana ndipo tukasikia yowe.

Yowe lilitokea chooni nyuma. Ni mama wa usafi. Yule mama ana sauti ya kwaya, anaimba ya kwanza, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia. Tukakimbia wote. Tunafika tunamkuta kasimama mlangoni, ndoo imepinduka, fagio la chelewa kalishika kwa mikono miwili kama anamsubiri nyoka, na sakafu ya choo, jamani, sakafu ya saruji yote ni pinki. Sio wekundu wa damu. Pinki. Pinki ile ya sare za kitchen party.

Kilichotokea, kama alivyosimulia baadaye akiwa amekalishwa na kupewa maji, ni kwamba aliingia kufanya usafi kama kawaida, akakuta hali ya choo si nzuri, kuna mtu kapata shida kubwa usiku, akasonya, akamwaga maji ya sabuni. Sabuni yenyewe ni ile tunayopewa wafanyakazi, vipande vya pembeni vya sabuni ambavyo fundi hajavilamba vizuri, kostiki imebaki ya kutosha. Ile kumwaga tu, sakafu ikachanua pinki. Akasugua. Ikazidi. Akasema hii chafu gani, akaenda kwenye mapipa akachota maji makali ya kostiki, yale ya kuzibulia mitaro, akamwaga kwa hasira.

Hapa naomba wanakemia wanyamaze kidogo wafurahie. POP kwenye besi ya kawaida ni pinki, lakini besi ikiwa kali kupita kiasi, pinki inakufa taratibu inarudi kuwa haina rangi. Kwa hiyo mama kamwaga, akasimama anaangalia, na mbele ya macho yake pinki ikafifia, ikafifia, ikaisha. Akashukuru Mungu. Akachukua ndoo ya maji safi asuuze. Maji yakaipunguza ile kostiki ukali na pinki ikarudi yote, mpya, ikatembea kufuata maji mpaka mlangoni. Hapo ndipo alipopiga yowe.

Ndani ya dakika chache watu wamejaa. Wapakiaji, akina mama wa madumu, vijana wa bodaboda ambao hata sijui waliingiaje maana geti halikuwa na mlinzi. Kila mtu ana maelezo yake. Mmoja kasema ni damu ya jini, majini ya ziwani yana damu nyepesi. Mwingine kasema kiwanda kimejengwa juu ya makaburi. Mmoja akashauri aitwe shehe, mwingine akasema aitwe mchungaji, wakakubaliana waitwe wote wawili atakayewahi aanze. Bosi anasema jamani rudini kazini, hakuna anayemsikia.

Katikati ya kelele hizo mlango wa choo cha pili ukafunguliwa polepole, akatoka Babu Geti. Koti analo, rungu analo, ila ndani ya koti kama hamna mtu. Alikuwa huko toka alfajiri. Akashika ukuta akasema kwa sauti ndogo, "Wanangu, nimerogwa." Akageuka akarudi ndani.

Mie hapo kichwani vitu vikaanza kupangika. Nusu chupa. PO. Tumbo. Pinki. Nikamvuta bosi pembeni nikamwambia bosi, finoftalini ni dawa ya kuharisha. Akasema ni nini? Nikamwambia Marekani kwa miaka mingi walikuwa wanaiweka kwenye chokoleti, watu waliofunga choo wanakula, waliiondoa miaka ile ya 1990 kuelekea mwisho baada ya kuonekana inaweza kuleta saratani. Dozi yao ilikuwa miligramu mia moja hivi. Chupa yetu ni asilimia moja, nusu yake aliyokunywa mtu ni kama chokoleti boksi zima. Bosi akanyamaza. Halafu akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Na hiyo nusu iliyobaki inatosha mwezi huu?"

Nikaenda kusimama nje ya mlango wa Babu. Nikatoa heshima kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu," kutoka ndani, kwa shida.

"Babu, pole. Samahani nikuulize. Jana usiku ulipopita maabara hukuona kitu chochote?"

"Mimi sinywi."

"Babu sijauliza kunywa."

Kimya. Redio inasikika kwa mbali inatangaza mpira.

"Nimekuuliza kama uliona kitu, babu."

"Na mimi nimekujibu. Sinywi."

Sasa nikafikiri, hawa watu wanasubiri shehe, bora niwaonyeshe kwamba ni kemia tu wakapumzike. Wazo zuri kabisa, hata leo natetea. Nikachukua limao kwa mama wa chai, nikaingia choo cha kwanza, nikasema jamani tazameni hapa, hii sio damu wala jini, nikakamua limao juu ya sakafu. Pale matone yalipodondoka pinki ikapotea papo hapo, madoa meupe yakabaki. Watu "Haaa!" Nikaona wananielewa nikapata moto, nikachota maji ya sabuni nikamwaga palepale, pinki ikarudi. "Haaaa!" Nikakamua tena, ikapotea. Nikageuka nikiwa natabasamu niwaelezee habari za asidi na besi, nakuta duara limepanuka. Wamerudi nyuma wote. Kijana mmoja wa boda kashawasha pikipiki.

Mama wa usafi akaninyooshea fagio. "Kumbe ni wewe."

"Mama sio mimi, ni besi..."

"Besi ndio nani?"

Na kama mnavyojua mambo yakiharibika hayaharibiki nusu, Mama Madumu alikuwepo. Akapenya mpaka mbele, mikono kiunoni. "Si niliwaambia! Si niliwaambia mimi! Huyu mtoto kayageuza mafuta yangu pinki nikiwa nimekaa hapohapo, akanikata bei, nikarudi nyumbani nikasema yule kijana sio bure. Leo kamgeuza mzee wa watu tumbo!" Watu wakaanza kukumbuka mambo. Mmoja kakumbuka kwamba huwa naongea na chupa, kumbe nahesabu sekunde. Mwingine kasema siku niliyofika treni ilichelewa. Treni ya kati, jamani, ikichelewa na mimi ndio nimeichelewesha.

Kilichoniokoa ni uoga wa Babu. Aliposikia huko ndani kwamba mchawi kashapatikana na ni mjukuu wake, na pengine alifikiri kwamba mchawi akishapigwa basi dawa ya kumtegua haipatikani tena, akafungua mlango. Akasema jamani muacheni. Akavuta pumzi. Akasema alionja. Kidogo tu. Kifuniko.

Bosi akasema, "Babu, kifuniko?"

"Vifuniko."

"Babu."

"Bwana nilikuwa na baridi! Nimeona chupa ya pombe, inanuka pombe, imeandikwa pombe, ulitaka nijue ni nini? Mafuta ya nywele?"

"Imeandikwa wapi pombe?"

"PO! Iliyobaki imefutika. Na msinitazame hivyo, mbona fundi kila siku analamba mapipa hamjamjazia watu?"

Fundi akaangalia pembeni. Sina hakika kama kuna hoja kali kuliko hiyo iliyowahi kutolewa pale kiwandani.

Tukampeleka hospitali. Bajaji, mimi na Babu nyuma, kichupa nimekishika mkononi maana mgonjwa wa kemikali unakwenda naye na chupa yake, hilo tulifundishwa na ndilo la maana kuliko yote niliyowahi kufundishwa. Safari fupi tu ile ila tulisimama. Tulisimama kwenye nyumba ya mtu tusiyemjua, Babu akapiga hodi kwa adabu zote, mwenye nyumba akaanza kumkaribisha na kumuuliza habari za nyumbani, na Babu kwa malezi yake hawezi kukatisha salamu, anajibu nzuri, nzuri, watoto hawajambo, huku anacheza miguu. Tukasimama tena kwenye msikiti. Dereva akasema mzee leo hii bajaji yangu naikabidhi kwa Mungu.

Daktari kijana, mpole, akauliza kanywa nini. Nikamwandikia jina, akalisoma, akainua macho, akaniuliza na hiyo spiriti yake ni ipi, ethanoli au ile ya methanoli? Hapo alikuwa hacheki, kwa sababu methanoli inapofusha na inaua, na ingekuwa ile basi hii stori nisingeiandika kwenye vichekesho. Nikamwambia ethanoli ya maabara, safi, risiti ninayo. Ndipo akacheka. Alicheka mpaka akageukia ukutani. Babu akapewa maji ya chumvichumvi yale ya pakiti, akaambiwa akae chini ya uangalizi mpaka tumbo litulie, na akaambiwa kwa msisitizo kwamba asishangae akiona rangi.

"Rangi gani?" Babu akauliza.

"Utaiona mzee."

Tukakaa pale kwenye benchi, anakunywa maji yake kidogokidogo. Nikaona nimfariji na historia kwa sababu najua anaipenda. Nikamwambia babu hii kitu uliyokunywa sio ya mchezo, ilitengenezwa mara ya kwanza na Mjerumani mmoja anaitwa Adolf von Baeyer mwaka 1871. Akageuza shingo. Mzee wa Ujiji ukimtajia 1871 umemtajia ukoo wake, ndio mwaka Stanley alimkuta Livingstone palepale Ujiji chini ya mwembe. Akafikiri sana. Akanywa maji funda moja.

"Kwa hiyo Livingstone na yeye alikunywa?"

"Hapana babu, ilikuwa Ujerumani..."

"Maana yule mzungu alikuwa anaharisha sana. Tulisimuliwa."

Na kweli Livingstone alisumbuliwa na tumbo la kuhara damu mpaka kufa kwake 1873, kwa hiyo sikuwa na cha kubishia, nikanyamaza.

Kiwandani mambo yakarudi kawaida, kiasi. Bosi akanunua kufuli la kabati, na POP ikahamia kwenye chupa ya kahawia yenye maandishi ya kuchongwa na fuvu la kichwa, SUMU, herufi ambazo hata ethanoli iwe na hasira vipi haizifuti. Choo kilisafishwa kwa siki, nilikisafisha mimi kwa sababu mama wa usafi alikataa kuingia kabla yangu. Mama Madumu akawa analeta mawese mazuri ya ajabu, chikichi hazilali hata siku mbili, asidi iko chini, kwa sababu kaamua kwamba yule mtoto asipewe nafasi. Bei yake ikapanda. Hakunishukuru.

Ila usumbufu ulikuja toka upande nisioutegemea. Babu alirudi kazini mtu mwingine. Anatembea wima. Kumbe mzee tumbo lilikuwa linafunga miaka na miaka, kajaribu majani, kajaribu mapapai, wapi, na sasa anasema anajisikia kijana. Na Babu ni mtu wa kusimulia. Nikaanza kuona wazee wa Ujiji wanakuja getini jioni, wanapewa viti, wananiita pembeni kwa heshima zote mpaka naona aibu, "Dokta, tumesikia una maji fulani." Nawaambia wazee wangu shikamooni, yale ni ya kupimia mafuta, ni hatari, hata huko Marekani wameshayaondoa. Wanaitikia kwa vichwa. Halafu mmoja ananong'ona, "Kifuniko kimoja tu."

Siku mwalimu alipokuja toka chuo kunikagua, alikagua vyote, akapekua logibuku, akaangalia byureti, akaongea na bosi ambaye kwa bahati hakugusia choo. Nikapumua. Anatoka, kafika getini, akamkuta Babu, akampa shikamoo yake akiwa amesimama vizuri, Babu akaipokea, na mwalimu kwa uungwana tu akamuuliza, "Mzee, huyu kijana wetu mmemwonaje? Kazi yake inafika?"

Babu akasimama wima, akashika koti.

"Inafika mwalimu. Mimi mwenyewe ilinifika mpaka chini kabisa."

Mwalimu akatoa kalamu, akaandika.